Jeraha Lililomtangulia Yaya

Dk. Kenga alizima taa ya chumba, akavuta kiti, na kabla hajasema lolote Sajini Rosebella Nasipwondi alishajua kwamba habari ni mbaya. Daktari huyu wa picha alikuwa mtu wa mizaha. Asubuhi hiyo ya Alhamisi hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Ronny, miaka mitatu na miezi miwili," alisema. "Kilo kumi na mbili tu. Hiyo peke yake inaniudhi. Sasa tazama."

Kwenye kioo lilitokea tumbo la mtoto, limekatwakatwa na mashine ya skani vipande vyembamba vya rangi ya majivu, kimoja juu ya kingine. Nasipwondi alikuwa na miaka tisa kwenye dawati la watoto la polisi, hapa hapa kisiwani Mombasa, na michubuko aliijua vizuri: ya mkanda, ya waya, ya vidole. Lakini jana jioni alikuwa amemfunua Ronny shuka akamkagua mwili mzima, na tumbo lilikuwa safi, halina hata mkwaruzo. Ndiyo maana mkuu wa kituo alimeza maneno ya baba bila kutafuna: mtoto kaangushwa ngazini, na aliyemwangusha ni yaya.

"Hapa ndipo utumbo unapoanzia," Dk. Kenga alisema, akigusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Ukuta wake umevilia damu, umevimba mpaka chakula hakipiti. Ndiyo maana alikuwa akitapika matapishi ya kijani. Na hii iliyolala nyuma yake ni kongosho. Unauona huu mstari mweusi?"

"Naona."

"Imepasuka."

Nasipwondi aliandika. Kalamu ilikuwa inamkwama kwa jinsi alivyoikaza.

"Nyuma ya kongosho kuna uti wa mgongo," daktari aliendelea. "Pigo likitoka mbele, vitu hivi havina pa kukimbilia. Mtoto akibiringika ngazini anapasuka kichwa, anavunja mkono, anang'oka jino. Nina miaka kumi na moja nawapiga picha watoto wa Mji wa Kale walioporomoka zile ngazi zao za mbao. Sijapata kumwona aliyepasuka kongosho akabaki na kichwa kizima na magoti yasiyochubuka. Hii ni nguvu nyingi mahali padogo. Ngumi, goti, au kisigino."

"Mbona ngozi haina alama?"

"Tumbo la mtoto ni laini, pigo linapita. Wako wanaolijua hilo, Sajini. Wanachagua hapo."

Hasira ilimpanda Nasipwondi mpaka masikio yakamwasha. Aliinamia daftari lake ili daktari asimwone uso.

"Mahakamani nitaulizwa kama kuna kitu kingine kinachoweza kufanya hivi."

"Kipo. Usukani wa baiskeli, mtoto akiuangukia kwa tumbo. Au ajali ya gari. Nenda kanitafutie baiskeli. Ukiiona, nitakuomba radhi mimi na mashine yangu."

"Aliumia saa ngapi?"

"Siwezi kukutajia saa, na atakayekutajia usimwamini. Damu hii hujaa polepole. Mtoto anaweza kupigwa jioni, akalala, akaamka akacheza kidogo, akaja kuzidiwa kesho yake mchana."

Nasipwondi aliacha kuandika. Kesi yote ya kituo ilisimama juu ya saa. Ronny alianza kutapika Jumanne saa saba mchana. Mchana huo alikuwa na yaya peke yake. Kwa hiyo ni yaya. Hakuna aliyejisumbua kuuliza habari za Jumatatu. Na yaya mwenyewe, Shifa, msichana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyembeba mtoto mgongoni akakimbia naye vichochoro vyote vya Mji wa Kale mpaka hospitalini, ndala moja imempotea njiani.

"Sijamaliza," Dk. Kenga alisema. "Hilo nililokueleza lingengoja. Nililokuitia ni hili." Aliteremsha vipande vya picha mpaka akafika penye duara jeusi, ukubwa wa limau. "Huu ni mfuko wa maji. Kongosho ikipasuka, maji yake makali yanavuja, na mwili unayajengea ukuta kuyazuia. Tazama ukuta ulivyo mnene. Ukuta huu haujengwi kwa siku mbili."

"Kwa siku ngapi?"

"Wiki nne, kwa uchache kabisa. Na mbavu mbili za nyuma, hizi hapa, zilivunjika na sasa zinajiunga. Nazo ni za muda huo huo. Mtoto huyu alipigwa mara mbili, Sajini. Mara ya kwanza ni kati ya wiki nne na nane zilizopita. Nitaandika, nitatia sahihi, na nitakuja kusema mbele ya hakimu."

Nasipwondi alifungua ukurasa wa nyuma wa daftari ingawa jibu alikuwa nalo kichwani. Shifa aliajiriwa siku kumi na mbili zilizopita.

"Yule aliyemleta mtoto hapa mbio," alisema, "tumemfungia."

Dk. Kenga aliwasha taa, akamtazama kama mtu aliyetemewa mate.

* * *

"Picha haitaji jina la mtu," Inspekta Nicodemus, mkuu wa kituo, alisema kwenye simu. "Inasema kapigwa, na kapigwa zamani. Haisemi na nani."

"Inasema nani hakumpiga, afande. Shifa hakuwapo."

"Hakuwapo mara ya kwanza. Hii ya pili alikuwapo." Nicodemus hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kumaliza mambo, na hilo lilikuwa limeshawaponza watu wengi. "Sikiliza, Nasipwondi. Saa nane faili liko kortini. Msichana akishasomewa mashtaka, mtoto akipona anarudi kwa wazazi wake. Sina sheria ya kuwanyima mtoto wao. Ukitaka nisimamishe, niletee mtu na tarehe."

"Baba yake yuko wapi sasa hivi?"

"Kazini, Shimanzi. Mwanamume wa watu, amevunjika moyo kweli kweli."

Saa tatu na nusu. Nasipwondi alikata simu bila kuaga. Mtoto yuko kwenye mashine, tumbo limepasuliwa usiku na kushonwa juu mpaka chini, na baba amevunjika moyo akiwa kazini.

Uwanja wa makontena wa Shimanzi ulikuwa umejaa vumbi na honi za malori. Arnold alikuwa msimamizi wa zamu, mtu wa miaka thelathini na sita, shati limenyooka, saa mkononi, sauti ya upole. Alikuwa baba mzazi wa Ronny. Alimpisha Nasipwondi kwenye kibanda chake, akamfutia kiti, akaagiza soda mbili. Nasipwondi hakuigusa yake.

"Ni kufunga faili tu," alimwambia. "Maswali machache, nayaandika, unatia sahihi. Unaruhusiwa kutojibu, na utakayosema yanaweza kutumika kortini. Tumeelewana?"

"Uliza lolote, afande. Sisi tunataka haki itendeke."

"Ronny ana baiskeli?"

"Miaka mitatu? Hana."

"Hata ya magurudumu matatu? Hata ya jirani?"

"Ngazi zetu zile, baiskeli utaipandishaje? Hana."

"Amewahi kugongwa na pikipiki, au kuanguka kutoka kwenye tuktuk?"

"Mungu amemlinda."

"Kuugua tumbo, kabla ya Jumanne hii?"

Lori lilipita nje likatikisa kibanda. Arnold alingoja lipite kabisa.

"Hajawahi. Mtoto mzima kabisa yule."

"Kupelekwa hospitali? Kwa mganga? Kwa mtu yeyote?"

"Afande, sisi ni watu wa kanisa."

"Sikukuuliza dini."

"Hapana. Hajawahi kupelekwa kwa mtu yeyote."

Nasipwondi aliandika kila neno kama lilivyotamkwa. Kwake yeye, mahojiano yalikuwa kazi ya kufunga milango mmoja mmoja, taratibu, kabla mtu hajajua kwamba nyumba inaungua.

"Kabla ya Shifa, mchana alikaa wapi?"

"Chekechea, nyuma ya nyumba. Mwalimu akaihamishia ng'ambo, Likoni. Hatungeweza kumvusha feri kila siku, tukatafuta yaya."

"Shifa analala kwenu?"

"Hapana. Anatoka saa kumi na moja jioni, anakwenda kwa shangazi yake Majengo."

"Hata Jumatatu alitoka saa hiyo?"

"Naam. Nilimfungulia mlango mimi."

"Mama Ronny alikuwapo?"

"Jumatatu ana mazoezi ya kwaya. Hurudi saa mbili usiku."

"Kwa hiyo saa kumi na moja mpaka saa mbili, Ronny alikuwa na wewe."

"Na mimi. Tulikula, tukalala mapema." Alitabasamu kidogo, baba anayemkumbuka mwanawe. "Hakuna lililotokea Jumatatu, afande. Ni Jumanne."

"Bila shaka," alisema Nasipwondi, akamgeuzia karatasi.

Arnold alisoma kila ukurasa, akasahihisha tahajia ya jina la mtaa, akatia sahihi nzuri ya karani. Nasipwondi alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha kontena. Alikuwa anajizuia asirudi ndani.

* * *

Mama Ronny, Ndinda, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, kibeti magotini, viatu vya ofisini miguuni. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali karibu na Treasury Square. Nasipwondi aliketi kando yake, akauliza swali moja tu.

"Ronny amewahi kuumwa tumbo kabla ya hapa?"

"Mara moja," Ndinda alisema, macho kwenye mlango wa wodi. "Kama mwezi mmoja na nusu uliopita. Nilikuwa kazini. Nikarudi jioni nikamkuta amelala mkekani, anatapika. Arnold akasema kala kitu kibovu. Kesho yake asubuhi akaomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali."

"Hospitali gani?"

"Sikuuliza."

"Karatasi ziko wapi? Dawa?"

"Alikaa nazo yeye." Ndinda alikunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto. "Jioni nikimvua nguo nilisikia harufu ya mafuta. Tumbo zima linateleza. Mafuta ya mbarika na karafuu. Nikasema moyoni, siku hizi hospitali wanapaka mafuta?"

"Hukumuuliza?"

"Arnold haulizwi sana," alisema Ndinda.

Hakuna hospitali inayompaka mtoto mafuta ya mbarika na karafuu. Wanaopaka ni wakandaji, wale wanaowakanda watoto tumbo kwa ugonjwa wa mchango, na kisiwani hawakuwa wengi wa kumpotezea mtu siku nzima. Baba ambaye saa moja iliyopita alitia sahihi kwamba mtoto hajaugua wala hajapelekwa kwa mtu, alikuwa amempeleka kwa mkandaji. Na akamficha mkewe.

Akiwa njiani kuelekea Marikiti, soko la viungo na dawa za kienyeji, alimpigia simu Dk. Kenga. Lazima aulize hata lile asilolitaka.

"Mkono wa mkandaji unaweza kufanya haya?"

"Kupasua kongosho na kuvunja mbavu za nyuma?" Daktari alicheka bila furaha. "Labda akande kwa mchi wa kinu. Lakini muulize. Nawe usimwamini mtu kwa sababu mimi nimemwamini."

* * *

Wachuuzi wawili wa viungo walimwelekeza mahali pale pale: nyuma ya soko, nyuma ya magunia ya pilipili, kwa Kache, mkandaji. Alikuwa mwanamke wa Kigiriama mwenye mabega mapana na vidole vifupi vinene, anapima ubani kwenye mizani ndogo. Nasipwondi alitoa kitambulisho cha polisi, akaanza moja kwa moja.

"Natafuta habari za mtoto mmoja aliyeletwa hapa—"

Kache aliendelea kupima ubani. Alimaliza, akafunga kifurushi, akampa mteja wake, akamuulizia mamake na wifi yake, akamuaga. Kisha akatazama ukuta.

Nasipwondi alikuwa na miaka tisa Mombasa na bado alikuwa anakosea vile vile. Saa ilikuwa inakwenda mbio na yeye amemwingilia mtu mzima kama anayeingia dukani kununua kiberiti. Aliurudisha mfukoni ukaidi wake pamoja na kitambulisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waonaje hali?"

"Salama, mama. Habari za hapa?"

"Njema. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, tunashukuru."

"Haya, sasa nena. Ulikuwa wanipigia kelele za nini?"

Nasipwondi alimweleza: mtoto wa kiume, miaka mitatu, baba nadhifu mwenye sauti ya upole, mwezi mmoja na nusu nyuma. Kache hakufikiri sana.

"Namkumbuka mpaka leo. Kumbe yu hai?"

"Yu hai. Ulimkanda?"

"Sikumkanda." Aliinua kiganja chake, kinang'aa mafuta. "Mimi simkandi mtoto wa mtu kabla sijamsikiliza. Natia mafuta, naweka mkono, natulia. Mchango watembea chini ya mkono, wenyewe wajijulisha. Tumbo la yule lilikuwa limekaza kama ubao, hapa, chini ya chembe cha moyo. Nilipoweka mkono alinishika kwa mikono yake miwili nisimguse. Nikamwambia babake, huu si mchango. Huyu kapigwa. Mpeleke hospitali apigwe picha."

"Akasemaje?"

"Alipandisha sauti! Upole wote ukamtoka. Kwamba yeye kaja kukandiwa mtoto, hakuja kufundishwa. Nikamrudishia mtoto wake, nikamwambia aondoke na balaa lake."

"Siku gani, mama? Unaikumbuka?"

"Nisiikumbuke vipi? Ilikuwa Idd Pili. Majirani zangu hawa wote wamefunga vibanda, wako kwa jamaa zao wakila biriani, nimebaki peke yangu hapa kama niliyesahauliwa. Mteja alikuwa yeye pekee siku hiyo nzima."

Nasipwondi alihesabu kwa vidole chini ya daftari. Wiki sita na siku mbili. Picha ilisema kati ya nne na nane.

Sasa alimwelewa Arnold. Hospitali ina mashine na majalada, na daktari ana wajibu wa kupiga simu kwa watu kama Nasipwondi. Kwa mkandaji hakuna karatasi. Alitaka mtoto apone tu, kimya kimya, asiandikwe popote, na alimchagua Kache kwa sababu alimdharau. Hakufikiri kwamba mwanamke anayeuza ubani nyuma ya magunia anaweza kuweka mkono juu ya tumbo akajua kilichotokea.

"Mama, utakuja kituoni umtambue?"

Kache alifunika mizani yake kwa kitambaa. "Nilitaka kuja siku ile," alisema. "Nikajiambia, utasikizwa na nani?"

* * *

Saa saba mchana palipangwa gwaride la utambulisho katika ua wa kituo: wanaume tisa wa kimo na umri mmoja, wote wakiwa wamevalia mashati meupe. Arnold aliletwa kutoka Shimanzi akasimama wa nne. Kache alipita mara moja bila kusimama, akafika mwisho, akageuka, akarudi, akamwekea mkono begani. Alifuta kiganja kwenye leso yake.

Ndani ya ofisi, Arnold alimtazama Inspekta Nicodemus badala ya Nasipwondi.

"Nimekumbuka, afande. Idd ile kulikuwa na baiskeli ya mtoto wa jirani. Huenda aliiangukia."

Nasipwondi alisoma kwa sauti, polepole: "'Hata ya jirani? Ngazi zetu zile, baiskeli utaipandishaje? Hana.' Sahihi yako ni hii?"

"Nilichanganyikiwa."

"'Hajawahi kupelekwa kwa mtu yeyote.' Na hapo ulichanganyikiwa? Tahajia ya mtaa ulisahihisha vizuri."

Nicodemus aliitazama karatasi, akamtazama Arnold, akavua kofia yake akaiweka mezani. Alikuwa amempa mtu huyu chai jana, ofisini humu humu. Aliita askari wa zamu akaamuru Shifa atolewe. Msichana alipita mlangoni miguu mitupu, macho yamevimba, akasimama mbele ya Nasipwondi.

"Ronny amekula?" aliuliza.

"Bado. Anapewa kwa mrija. Lakini anapumua mwenyewe tangu saa nne asubuhi."

Shifa aliitikia kwa kichwa, akaenda zake kutafuta viatu. Hakuna aliyemwomba radhi. Nasipwondi alitaka kumwita, hakumwita, na kwa hilo alijikasirikia kuliko alivyowakasirikia wote.

"Amedanganya, hilo nimekubali," Nicodemus alisema walipobaki wawili. "Lakini wakili wake atasema alificha kwa aibu ya kwenda kwa mkandaji. Idd ile nani alikuwa na mtoto? Tukikosa mtu wa kumweka Arnold pale, ataachiliwa kwa dhamana na kurudi nyumbani. Na mtoto naye atarudi kwa mama yake, nyumba ile ile."

"Nipe saa moja," alisema Nasipwondi.

* * *

Ndinda aliomba aone picha. Dk. Kenga hakupenda, lakini alizima taa, akamwekea kiti. Hakumweleza mengi. Alimwonyesha duara jeusi, ukuta wake, mbavu mbili. Akamtajia wiki. Kisha akasogea nyuma akasimama karibu na mlango, mikono mifukoni.

Ndinda alisogeza kiti karibu na kioo. Uso wake ulikuwa mweupe kwa mwanga wa kioo.

"Hii ni ile mara ya kwanza," alisema.

"Ndiyo," alisema Nasipwondi. "Asubuhi uliniambia siku aliyoanza kuumwa ulikuwa kazini. Ulirudi jioni ukamkuta mkekani, na kesho yake Arnold akampeleka hospitali."

"Ndiyo."

"Hakumpeleka hospitali. Alimpeleka kwa mkandaji Marikiti, na ilikuwa Idd Pili. Basi siku aliyoanza kuumwa ilikuwa Idd yenyewe. Ofisi yako ilifungwa siku ile, Ndinda. Ofisi zote za serikali zilifungwa. Chekechea nayo ilifungwa."

Ndinda hakugeuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Juu," Ndinda alisema. "Juu ya nyumba. Nilikuwa naanika nguo."

"Ukaona nini?"

"Sikuona. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Ronny alimwaga uji. Arnold akapiga kelele. Ronny akalia. Halafu kukasikika kishindo, na hakulia tena. Ghafla tu. Mtoto hanyamazi vile."

"Ukafanya nini?"

Dk. Kenga aliinamisha kichwa. Ndinda alinyoosha kidole kuelekea kwenye duara jeusi, akakirudisha kabla hakijafika.

"Nikamaliza kuanika," alisema.

Nasipwondi aliandika maneno hayo mawili. Ilimbidi ayaandike mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kalamu ilipasua karatasi. Alikuwa amekutana na wanaume wa aina ya Arnold wengi, na kwao hasira yake ilikuwa na njia ya kupita. Hii haikuwa na njia. Aliandika yote mpaka mwisho, akamsomea, akamgeuzia daftari.

"Akiruhusiwa nitampeleka kwa mama yangu, Machakos," Ndinda alikuwa akisema, haraka haraka sasa, akipangusa mashavu. "Namwacha Arnold. Leo leo. Nitaomba uhamisho. Nitatoka naye lini, afande?"

"Hutoki naye. Afisa wa watoto yuko nje ya wodi na hati ya korti. Ronny atakwenda watakakosema wao."

"Mimi sikumgusa!" Ndinda aliinuka, kibeti kikaanguka. "Tangu azaliwe, sijamgusa mtoto wangu hata kwa kofi!"

"Najua," alisema Nasipwondi, akamsogezea kalamu. "Tia sahihi hapo."